Barua ya wazi: panya wa ufukweni wa Perdido Key na matuta ya nyuma

Kwa wajumbe wa kaunti, wasimamizi wa mbuga na hifadhi, wahandisi wa barabara na wakuu wa maafa, nyote wenye dhamana ya kisiwa cha Perdido Key na fukwe jirani za Florida na Alabama.

Waheshimiwa,

Kila kimbunga kikipita, fedha za kwanza huenda mbele, pale mawimbi yanapopigia. Mchanga humwagwa, uzio husimikwa, nyasi hupandwa, picha hupigwa. Nyuma yake, mbali kidogo na maji, pana kichaka kifupi cha mialoni iliyodumaa juu ya mchanga ulioinuka. Kichaka hicho, machoni pa wengi, ni kiwanja kitupu: pa kuegesha matingatinga, kuweka makontena na kurundika kifusi. Ndicho tunachokiandikia. Tuta la mchanga la mbele limekuwa likibomoka na kujengeka tena tangu kisiwa kilipokuwepo, na panya wa ufukweni amelizoea hilo. Asichoweza kukizoea ni kuyakimbia maji akakuta nyuma hakuna pa kukimbilia.

Tumeiweka barua hadharani, na kwa Kiswahili, ili isomwe pia na Waswahili wanaofanya kazi kwenye pwani hii, katika usafi wa nyumba za likizo, bustani na ujenzi. Anayeshika swichi ya taa, pipa la taka na boksi la sumu ni mfanyakazi, si mjumbe wa baraza.

Tuanze na jina, maana linamponza. Kiswahili humwita panya kila mnyama wa ukoo huu, awe wa ghalani, wa darini au wa porini, na neno likitajwa tu akili ya mtu hukimbilia magunia yaliyotobolewa. Huyu si huyo. Ni Peromyscus polionotus, mwenyeji wa kusini mashariki mwa Marekani, mla mbegu na wadudu wa mchangani, asiyefuata akiba ya mtu jikoni. Ana uzito wa gramu 12 au 13 hivi. Kichwa na mwili ni milimita 70 hadi 85, mkia milimita 43 hadi 64. Ndugu zake wa bara, wa mashamba yaliyoachwa bila kulimwa, wana mgongo wa kahawia. Wa pwani wamepauka, wengine karibu weupe. Hawa wa pwani wamegawanywa katika nususpishi nane, yaani makundi ndani ya spishi moja: tano za Ghuba ya Meksiko na tatu za Atlantiki. Mmoja wa Atlantiki, P. p. decoloratus, hajaonekana tangu 1959 na amehesabiwa kuwa ametoweka. Wa Perdido Key, P. p. trissyllepsis, aliingizwa kwenye orodha ya shirikisho la Marekani ya viumbe walio hatarini mwaka 1985, pamoja na wa Alabama na wa Choctawhatchee. Wa Anastasia alifuata 1989, wa St. Andrew 1998. Kati ya watano wa Ghuba, aliyebaki nje ya orodha ni wa Santa Rosa peke yake.

Weupe wake si pambo. Mchanga wa Ghuba ni madini ya kwatzi tupu, mweupe kama sukari, na bundi na korongo humwona upesi yeyote asiyefanana nao. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Hopi Hoekstra walionyesha kwamba sehemu ya weupe huo kwa panya wa Ghuba hutokana na badiliko la asidi amino moja tu, kipande kidogo cha protini, katika jeni iitwayo Mc1r. Mwaka 2010 wengine wa kundi hilohilo wakaweka sanamu za panya za plastisini, udongo laini wa kufinyangia, kwenye mchanga mweupe na kwenye udongo mweusi wa bara. Zile zisizolingana na ardhi ndizo zilizoshambuliwa zaidi. Visiwa vyenyewe havijafikisha miaka 6,000, kwa hiyo badiliko hilo limefanyika juzi tu kwa kipimo cha maumbile. Kwa mkandarasi maana yake ni moja: lori la mchanga wa hudhurungi au kifusi chekundu likimwagwa kwenye matuta, ardhi inabadilika rangi kwa siku moja na panya habadiliki. Mchanga wa kujazia ukaguliwe rangi na ukubwa wa chembe kabla lori halijapakua, si baada. Sampuli ya kulinganishia ichukuliwe kwenye tuta lenyewe, ikiwa kavu, na itazamwe juani, kwa sababu mchanga uliolowa humdanganya mtu. Wa hudhurungi na mweupe hukaribiana ukiwa na maji.

Sasa historia, kwa ufupi, kwa sababu inajirudia. Perdido Key ni kisiwa chembamba kisichofika kilomita 30 kwa urefu, na mpaka wa Florida na Alabama unakikata. Kimbunga Frederic kilipiga Septemba 1979, wakati ujenzi ulikuwa umeshakatakata makazi ya panya vipande vipande. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki mahali pamoja tu, Gulf State Park upande wa magharibi, nao hawakufika 30. Kutoka kwa hao, kati ya 1986 na 1988, jozi zilihamishiwa Gulf Islands National Seashore, upande wa mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya vimbunga Erin na Opal vya 1995, wale wa Gulf State Park, chimbuko lenyewe, wakatoweka. Bila uhamisho ule, hadithi ingekuwa imekwisha. Mwaka 2000 wengine wakapelekwa Perdido Key State Park, katikati ya kisiwa. Halafu Ivan, tarehe 16 Septemba 2004, na mwaka uliofuata Dennis na Katrina. Ikabidi baadhi wakamatwe na kuzalishwa kwenye bustani za wanyama, na mwaka 2010 wazawa wa huko wakarudishwa Gulf State Park. Sally ikaja 2020, tarehe ileile ya Ivan, 16 Septemba.

Panya wote wa Perdido Key walio hai leo wametoka kwa wale wasiofika 30. Jeni zao ni finyu, na kila mara kundi linapokatika vipande ufinyu huo unazidi.

Lakini mnyama huyu si mzito wa kuzaa. Huanza kuzaa akiwa na umri wa wiki sita hivi, hubeba mimba karibu mwezi mmoja, na uzao mmoja huwa na watoto watatu au wanne. Dume na jike hukaa pamoja. Uzazi hupamba moto kuanzia vuli hadi majira ya baridi, wakati mbegu zimejaa. Akiwa na chakula na njia ya kupita, jozi chache zinaweza kujaza tuta zima kwa misimu miwili mitatu. Basi tatizo si idadi ya watoto. Tatizo ni kwamba baada ya kimbunga walionusurika wako upande huu, tuta tupu lenye nyasi zinazochipua liko upande ule, na katikati pana barabara, maegesho, ukuta, taa na paka.

Waliochunguza panya wa Alabama baada ya Opal waliwakuta wakiishi kichakani wakati matuta ya mbele yamefagiliwa. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyepapita kwa miguu. Matuta ya kichaka yako juu zaidi na mbali zaidi na maji ya dhoruba. Mizizi ya mialoni hushika mchanga. Na kuna chakula kisichotegemea nyasi za mbele: matunda ya mialoni, mbegu za vichaka vidogo, wadudu wa chini ya majani makavu. Zamani makazi muhimu kisheria yalihesabiwa karibu na mstari wa mbele tu. Mwaka 2006 kwa Perdido Key na jirani zake wa Florida, na 2007 kwa wa Alabama, mipaka hiyo ilifanyiwa marekebisho na kichaka kikatambuliwa. Karatasi, basi, zimeshakubali. Kinachobaki ni mazoea ya kazi, na mazoea hayo yanaonekana kwenye mambo madogo kama mahali pa kuegesha.

Ombi letu la kwanza, na ambalo tungelichagua kama tungepewa moja tu: kila kiwanja chenye kichaka cha mchanga kilichoinuka, cha umma au kinachosubiri kibali, kitiwe kwenye ramani ya dharura kwa rangi yake na kizuiwe kutumika kama kituo cha mitambo. Chagueni vituo sasa, mapema, kwenye lami iliyopo: maegesho ya maduka, viwanja vya michezo, upande wa bara wa daraja. Mkandarasi anayefika usiku wa pili baada ya kimbunga huegesha palipo wazi. Asipoambiwa kabla, mwaloni mdogo wa miaka mingi utakuwa chini ya minyororo ya tingatinga kabla hamjaamka.

Ombi la pili ni njia ya kuunganisha mbele na nyuma. Panapojengwa nyumba au ghorofa la likizo, achieni ukanda wa mchanga wenye uoto wa asili kando ya jengo, kutoka tuta la mbele hadi kichakani, usio na ukuta, kokoto, nyasi za zulia wala taa. Nyasi za bustani zinazomwagiliwa ni kizuizi kikubwa kuliko zinavyoonekana: hazina mbegu anazokula panya wa ufukweni, mchanga wake umefungwa na mizizi asiyoweza kuichimba, na zinawaleta panya wa nyumbani na chungu wekundu waumao. Ukuta wa zege uwe na matundu usawa wa ardhi. Uzio wa mbao wenye nafasi hauna shida kwake, anapita.

Tuseme kidogo juu ya tundu lake, kwa sababu hapo ndipo mguu wa mtu na gurudumu vinapofanya madhara yasiyoonekana. Mlango huwa kwenye mteremko wa tuta, mara nyingi chini ya shina la nyasi. Njia inashuka kwa kukingama, kisha inanyooka, na mwishoni kuna chumba cha kulala chenye kina cha sentimita 60 hadi 90. Kutoka chumbani inapanda njia nyingine, ya kutorokea, inayoishia sentimita 2.5 hivi chini ya uso wa mchanga. Haitobolewi. Nyoka akiingia mlangoni, panya hupenya kwa kichwa kwenye ule utando mwembamba na kutoka upande wa pili. Panya mmoja hutumia matundu mengi katika eneo lake, 20 au zaidi. Mtu akikanyaga utando ule, njia ya kutorokea imezibwa, na juu hapaonekani kitu zaidi ya unyayo. Gari likipita, chumba kinabomoka. Mchanga wa chini hushikamana kwa unyevu na mizizi. Ukishatibuliwa na kukauka hautashika tundu mpaka mvua na mizizi virudi.

Ndiyo maana njia za mbao za kuvukia matuta si anasa. Tunaomba ziwe nyembamba, mita 1.2 kwa nyumba moja na si zaidi ya mita 1.8 kwa jengo la wengi. Nguzo zichimbiwe bila kumwagiwa zege, sakafu iwe juu ya uoto kwa karibu mita moja, na mbao ziachwe nafasi ili mwanga na mvua vifike chini. Zege kwenye nguzo lina kasoro mbili: kimbunga kinapong'oa nguzo kinang'oa na tuta, na donge lile hubaki mchangani kama jiwe lisilo la hapo. Njia isiyoinuliwa inageuka mfereji. Watu hupita, nyasi hufa, upepo huchukua mchanga, na mwaka wa tatu maji ya dhoruba yanaingilia hapohapo. Njia moja ya pamoja kwa majengo matatu ni bora kuliko njia tatu, hata wenye majengo wakinuna.

Kupanda. Hapa kuna ujuzi wa kutosha na bado makosa yaleyale hurudiwa. Nyasi kuu ya mbele ni Uniola paniculata, ndefu, yenye mashuke yanayoning'inia. Hufurahia kufukiwa: mchanga ukiipanda, nayo hupanda juu yake, na ndivyo tuta linavyokua. Miche ipandwe sentimita 45 kutoka mmoja hadi mwingine, kwa mistari inayopishana. Kwa nafasi hiyo mita moja ya mraba inachukua miche mitano hivi, na ukanda wa mita 100 kwa 6 unahitaji karibu 3,000. Shimo lifike mchanga wenye unyevu. Mzizi ukiachwa kwenye mchanga mkavu wa juu mche umekufa, hata ukionekana kijani kwa wiki mbili. Shingo ya mche iwe chini ya uso kwa sentimita 10 au zaidi, weka kijiko cha mbolea inayoyeyuka polepole, kanyagia, mwagilia. Miezi ya Machi hadi Juni hufaa. Mbegu zitoke pwani hiihii ya Ghuba. Na miche ikaguliwe kwenye kitalu kabla ya kuletwa, kwa kuwa chungu wekundu husafiri ndani ya udongo wa vikopo, na wakishakaa kwenye tuta hushambulia watoto wa panya tunduni.

Kosa kubwa ni kupanda Uniola peke yake, mstari kwa mstari, mpaka tuta linafanana na shamba la mpunga. Panya hali mashuke yakiwa juu. Husubiri mbegu zianguke kwa upepo. Anahitaji vyakula vinavyopishana kwa misimu: mbegu za nyasi wakati wa vuli na baridi, matunda ya mimea inayotambaa kama Oenothera humifusa, wadudu wakati wa kiangazi. Kati ya miche kumi tungependekeza sita ziwe Uniola, mbili nyasi ya Panicum amarum, na mbili zilizobaki nyasi ya Schizachyrium maritimum na mimea inayotambaa. Acheni mapengo ya mchanga mtupu kati ya mafungu. Katika mapengo hayo ndimo anamotafuta mbegu, na pembezoni mwake ndimo anamochimba. Nyuma, kichakani, panahitaji mialoni midogo na vichaka vyake, na hapo haraka haisaidii. Mche wa mwaloni unachukua miaka ambayo bajeti ya dharura haiijui, ndiyo sababu ya kulinda uliopo.

Uzio wa kukamatia mchanga uwe vipande, si ukuta mrefu. Vipande visizidi mita 3, viachane angalau mita 2.1, vikae kwa nyuzi 45 na ufuo ili kasa anayepanda kutaga apite. Ukifukiwa nusu, umemaliza kazi yake. Ondoeni waya kabla haujafukiwa wote, kwani waya wenye kutu ndani ya tuta ni hatari kwa kila anayechimba, mnyama au mtu.

Kuhusu kazi ya siku za kwanza baada ya dhoruba. Mchanga uliosukumwa barabarani ni mali ya tuta. Uchekechwe kutoa misumari, vioo na lami, urudishwe, usipelekwe jaani. Tunajua kuchekecha kunachelewesha kufungua barabara. Basi fungueni barabara kwa kusogeza mchanga pembeni ya lami, ndani ya eneo la barabara, na mchekeche wiki inayofuata. Msiujenge kuwa ukuta wima mbele ya majengo. Ukuta wa aina hiyo hauna mizizi, uso wake wa baharini ni mkali mno, na wimbi la kwanza la maana huukata chini ukaanguka wote. Mteremko wa mita moja kwenda juu kwa kila mita tatu au nne za mlalo hukaa, hupandika, na panya huuweza. Mabaki ya tuta yenye nyasi, hata kama ni kichuguu cha mita mbili kilichobaki peke yake, yasikwanguliwe ili kusawazisha. Hapo ndipo mbegu na mizizi ya kuanzia. Mwani uliotupwa ufuoni uachwe, kwani huzuia mchanga na kulisha wadudu. Magari yapite mlango mmoja uliowekwa alama na yakae kwenye mchanga mgumu karibu na maji.

Huwa tunaulizwa kama baada ya kimbunga tumwage alizeti au mahindi kwa ajili yao. Kwa maoni yetu hapana. Rakuni, mbweha na panya wa nyumbani hufika kwanza, na mkishawazoesha mahali hapo hawaondoki.

Taa zinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa watu wema wanajidanganya. Kwa ajili ya kasa, pwani hii imefundishwa kutumia taa za manjano au nyekundu, zenye urefu wa mawimbi wa nanomita 560 au zaidi, zilizofunikwa na kuwekwa chini. Ni jambo jema na liendelee. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2004, kwa panya wa ufukweni wa Florida, lilitumia taa hizohizo zinazohesabiwa rafiki kwa kasa, za sodiamu ya shinikizo la chini na balbu za manjano za kufukuzia wadudu, na panya bado walikwepa visahani vya mbegu vilivyo karibu nazo. Mbalamwezi humfanya panya ajifiche na ale kidogo. Taa ya veranda hufanya kila usiku uwe wa mbalamwezi. Kwa hiyo taa iliyobadilishwa rangi haijamaliza kazi. Izimwe, au iwe na kihisi cha mwendo kinachowasha kwa dakika chache, au ihamishiwe upande wa barabara wa jengo. Mapazia ya vyumba vinavyotazama bahari yafungwe usiku. Hili liandikwe kwenye karatasi ya mgeni pale pale panapoandikwa neno la siri la intaneti, maana hiyo ndiyo karatasi pekee anayoisoma.

Paka. Tunajua neno hili linavyogawa mikutano. Paka mmoja aliyezoea kutoka usiku anaweza kulimaliza kundi dogo lililobanwa kati ya majengo mawili, na kumlisha vizuri hakumzuii kuwinda. Kengele shingoni haimsaidii panya. Vituo vya kulishia paka koko visiruhusiwe pembeni ya matuta, hata vinavyosimamiwa na watu wenye huruma na ratiba. Paka wahamishwe, wapewe makazi yenye ukuta, na wenye nyumba wafungie wa kwao ndani jua likitua. Pamoja na hilo, mapipa yawe na vifuniko vinavyojifunga. Taka wazi huleta rakuni na mbweha, na huleta panya wa nyumbani, Mus musculus, anayegombania chakula na matundu na panya wa ufukweni.

Sumu ni kosa jingine la nia njema. Boksi la sumu likiwekwa nje, ukutani upande wa tuta, halichagui. Tundu linalomruhusu panya wa nyumbani linamruhusu pia mwenye gramu 12 aliye kwenye orodha ya shirikisho, na bundi anayemla aliyesumishwa hupata sehemu yake. Ndani ya jengo tumieni mitego ya kubana, na zibeni kila upenyo wa milimita 6 au zaidi kwa wavu wa chuma na saruji. Nje upande wa matuta kusiwe na sumu kabisa, na sharti hilo liwemo kwenye mkataba wa kampuni ya kunyunyizia dawa, kwa maandishi.

La mwisho ni kuhesabu. Njia ya bei nafuu ni mabomba ya nyayo: kipande cha bomba la plastiki kilichoinuliwa kidogo kwa miguu ili kaa wa mchangani wasiingie, ndani kitambaa chenye wino mlangoni, karatasi katikati, na mbegu chache za alizeti. Panya huingia, hukanyaga wino, huacha alama. Kila mwezi karatasi hubadilishwa. Bomba halisemi ni wangapi, linasema yupo au hayupo, na nyayo za panya wa nyumbani zinaweza kumchanganya msomaji. Kwa hiyo panapoonekana alama mpya pafuatiwe na mitego ya boksi, kwa watu wenye kibali. Mitego iwekwe jua likizama, iwe na shayiri iliyopondwa na pamba ya kujifunikia, na ikaguliwe kabla jua halijachomoza. Kabla ya kutega, kagueni chungu wekundu kila kituo. Mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Na mabomba yawekwe kichakani pia. Palipopimwa mbele tu, baada ya kimbunga ripoti itasema wametoweka, na mwenye kiwanja cha nyuma ataitumia ripoti hiyo kuombea kibali cha ujenzi mahali walipo wote waliobaki.

Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba. Tunaomba ramani ya vituo vya mitambo na orodha ya viwanja vya kichaka vitangazwe hadharani kabla ya tarehe 1 Mei, na nakala ziwe mikononi mwa kila mkandarasi aliye kwenye orodha yenu ya dharura. Tuko tayari kutembea na wapimaji wenu viwanja vyote, kwa miguu, na kuweka vigingi vya alama sisi wenyewe.

Wenu katika kazi,

Sisi tunaopanda na kupima matuta ya mchanga ya Ghuba